Kuku wa Hitima na Mke Asiyeumwa Tumbo

Bibi Mshauri wa gazeti letu, nakuomba unishike mkono kwa maana hapa nilipo sina wa kumwambia, nyumbani kila mmoja ana upande wake na mimi nimebaki katikati, na jina langu tafadhali lisitoke, kwa sababu huku Masaki gazeti likifika husomwa kwa sauti barazani na mama yangu hukaa kusikiliza.

Mwezi wa Mfungo Sita tulisoma hitima ya marehemu baba, ndugu walikuja kutoka Chole na Vihingo, na mama akasema atatoa kuku wake mwenyewe watu wale washibe, na kuku wale walikuwa wameanza kuzubaa bandani, wengine wanaharisha, mama akasema wachinjwe upesi kabla hawajafa wakawa mizoga, nami ndiye niliyeshika kisu nikapiga bismillahi, wakanyonyolewa jioni ile, wakakatwa na kutiwa kapuni, wakachemshwa chemko moja tu ili nyama isioze, kisha vipande vikarudishwa kapuni mle mle na kufunikwa majani ya mgomba hadi asubuhi, ndivyo tunavyofanya huku penye shughuli kubwa, na asubuhi wakatiwa tui la nazi, lakini wageni walikuwa wamekwisha kaa wanangoja, basi nyama ikapakuliwa upesi upesi kabla tui halijatokota.

Mke wangu Sikudhani, mtoto wa watu wa Mlandizi, ana mimba ya kwanza, na mama alimkataza kuku na mayai tangu mimba ilipojulikana, kwa kuwa wazee wetu husema mtoto atazaliwa hana nywele, na siku ile ya hitima nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia, "Wewe Sikudhani, mkono wako usiingie kwenye chungu cha kuku, kula mchicha wako," naye akajibu, "Ndiyo mama," akala mchicha.

Kesho yake watu wakaanguka mmoja mmoja, homa, tumbo, kutapika, mama alikuwa hoi, mimi mwenyewe sijiwezi, na Biubwa, binti wa dada yangu Mwamini, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kukimbia, akaharisha mpaka akaishiwa maji mwilini, tukamzika. Sikudhani peke yake alikuwa mzima, ndiye aliyetuchotea maji na kufua nguo zetu zile chafu, na tulipopata nafuu baba mdogo, Mzee Pazi, akaweka kikao, mama akasimama akasema, "Watu wote wameumwa, huyu wa kuja mbona haumwi? Aliyetia kitu chunguni anakijua, ndiyo maana hakula!" Sikudhani akanitazama mimi. Sikusema kitu, Bibi, nilitazama chini. Akarudishwa kwao siku hiyo hiyo.

Wakati tungali tunaumwa bwana afya alikuja na baiskeli yake, akachukua mabaki ya nyama na choo cha wagonjwa, akavipeleka vikapimwe na daktari wa Kizungu Dar es Salaam, na jibu lilipokuja akatuambia hakuna sumu, ila vijidudu visivyoonekana kwa macho, vimo katika kuku na vimo matumboni mwetu, vya aina moja. Mama akamjibu, "Mzungu na chupa zake atajua nini habari za watu?" Sasa wazee wanataka nitoe talaka, mama amesema nikimrudisha Sikudhani hana radhi nami duniani wala akhera, na mtoto anakaribia kuzaliwa. Je, nimtii mama, au ningoje kwanza hasira zipoe? Na hivyo vijidudu ni kweli au ni maneno ya Wazungu tu?

Mtoto wa Mama, Masaki, Kisarawe

JIBU

Mtoto wa Mama, jina hilo umejichagulia mwenyewe na limekukaa vizuri. La kweli nimelificha kama ulivyoomba. La mkeo umeliandika wazi bila kujali, nami nimeliacha, maana yeye hana la kuficha.

Nakupa pole ya msiba, na pole kubwa zaidi impate dada yako Mwamini, ambaye katika barua yote hii ndefu mwanawe amepata nusu ya mstari. Sasa sikiliza.

Vijidudu ni kweli. Hukaa matumboni mwa kuku, hata yule aliyenona anayeparua uani bila dalili yoyote, sembuse hao wenu waliokuwa wanaharisha. Bismillahi yako iliwahalalisha, haikuwapika. Mkawapa chemko moja, mkawarudisha kwenye kapu lenye damu ya nyama mbichi, mkawafunika na joto lao mpaka asubuhi, na tui nalo halikuachwa litokote kwa kuwa wageni wanatazama chungu. Mtu angetaka kuvifuga vijidudu kwa makusudi asingefanya zaidi ya hapo. Na waliopima hawakubahatisha: kilichokutwa katika nyama ndicho kilichokutwa katika matumbo yenu. Ulitaka kiwaite kwa majina?

Mkeo hakuumwa kwa sababu hakula, na hakula kwa sababu alikatazwa. Aliyemkataza ni mama yako, na aliyesikia ni wewe. Mwanamke mwenye mimba amefua matapishi ya ukoo mzima, mkamshukuru kwa kumwita muuaji, na mtu mmoja aliyeweza kusema "Mama, si wewe uliyemkataza?" alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Nimesoma barua nyingi kwenye meza hii. Yako imenitia hasira kuliko zote za mwaka huu.

Mama yako simchukii. Akikubali kuwa ni kuku, itambidi akubali kuwa mjukuu wake amekufa kwa kuku wa banda lake, waliopikwa kwa amri yake, na hilo halimezeki. Amelitafutia pa kulitua, akalitua juu ya mtoto wa watu. Kaa naye peke yenu, umwambie kwa upole kwamba hakujua. Lakini ajue sasa, maana hitima ya Biubwa nayo itasomwa, na kuku bado wapo.

Kuku anayezubaa afukiwe, asiingie chunguni hata kwa huruma. Anayechinja na kunyonyoa anawe kwa sabuni kabla hajagusa chakula kingine, na kapu la nyama mbichi lisiguse iliyopikwa. Kuku achinjwe siku ya kuliwa, apikwe mpaka nyama iachie mfupa na pasiwe na wekundu hata kidogo. Kilicholala kitupwe. Wageni waache wangoje, njaa ya kungoja chakula haijamzika mtu.

Habari ya radhi usinitishe nayo. Mama hutiiwa katika haki. Ukimdhulumu mtu ili mama afurahi, dhuluma ni yako na utaulizwa wewe, si yeye. Na huko kungoja hasira zipoe ni woga tu.

Nenda kwa Mzee Pazi, umwombe aite kikao kile kile na watu wale wale, bwana afya awepo atoe jibu lake, nawe usimame useme ulichosikia mama akisema. Mzee akikataa, kasemee msikitini baada ya sala ya Ijumaa. Usikae barazani ukangoja gazeti hili likusemee. Kisha shika njia ya Mlandizi. Ukifika, usianze kuwaeleza wakwe zako habari za vijidudu, anza na ulivyonyamaza. Sikudhani akikubali kurudi, mjengee jiko lake mwenyewe. Akikataa, peleka matumizi ya mtoto na usimlaumu. Ninyi wengine mlidhuriwa na kuku. Yeye amedhuriwa na wewe.