Mguu wa Kwanza Kwenye Gesti ya Bi Lựu

Bình Dương,
Siku ya tisa, mwaka wa Paka.

Kwako Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta umejinyoosha kwenye kitanda chako cha kamba, goti limetulia, na maua yote uliyootesha kwa ajili ya sikukuu yamepata wanunuzi. Kaka Tấn na mkewe hawajambo? Watoto wamemaliza peremende zao, au wamezificha mpaka zije kuliwa na sisimizi kama kawaida yao? Mimi huku ni mzima. Nakula, nalala, na mafua yaliyokuwa yakinisumbua yameniacha. Mawazo yangu yako kwako tu.

Nimeona nikuandikie kwa sababu simu yako ni redio ya kijiji. Nikipiga unaweka sauti juu, na kabla sijamaliza salamu Shangazi Mận ameshanijibu kutoka jikoni. Haya ni yako peke yako. Vaa miwani, soma polepole, halafu ukimaliza ndiyo uamue kama kuna mtu wa kumwambia.

Nilikuambia kwamba sikuja nyumbani Tết hii, sikukuu yetu ya mwaka mpya, kwa sababu kiwanda kimenipa zamu ya kulinda mitambo. Mama, hakuna zamu. Kiwanda kilifungwa kama miaka yote. Nilikuwa gesti, Saigon, kwenye kichochoro karibu na soko la Bà Chiểu, nimejilalia zangu. Chumbani kwangu nisingeweza kubaki, maana wapangaji wenzangu ni watu wa huko kwetu, na habari ingekufikia kabla hawajavua viatu. Na huko kwetu nisingeweza kuja. Sikutaka kukaa mezani nikihesabiwa miaka yangu, Shangazi Mận akinipa habari za mgane wa duka la mbolea ambaye eti bado ana meno yake yote.

Usinune kwanza. Ngoja nikueleze gesti yenyewe, uone kwamba mwanao hakuteseka.

Ni nyumba nyembamba, ghorofa tano, upana wake kama chumba chako cha mbele. Chini pikipiki za wageni zimebanana mpaka mtu apite upandeupande, na Bi Lựu, mwenye gesti, analala papo hapo mlangoni kwenye kitanda cha kukunja, ili asipite mtu hata kwa kunyata. Mimi nilipewa chumba cha juu kabisa. Dirisha linatazama nguo za jirani zilizoanikwa, bomba la kuogea liko juu ya choo, na feni inapiga kelele lakini inapepea. Mama, nililala mpaka jua likanifuata kitandani! Tangu nizaliwe sijawahi. Nilikula tambi nikiwa nimejifunika shuka. Mchana nilishuka kutazama watu wakigombana bei ya miti ya maua, pikipiki zimebeba miche mikubwa kuliko dereva, mji mzima unakimbia kurudi kwao, na mimi natembea na kandambili zangu sina pa kuwahi. Nilikuwa na raha ambayo niliiona aibu kidogo.

Sasa, kosa langu lilianzia siku ile ile ya kufika. Bi Lựu alichukua kitambulisho changu, akanitazama kuanzia kandambili mpaka nywele, akauliza mume yuko wapi. Unajua jinsi watu wazima wa kwetu wanavyouliza, kama mtu anayeuliza saa. Nilikuwa nimechoka, Mama. Nimekimbia swali hilo safari nzima ya basi, nalikuta linanisubiri mapokezi! Nikasema mume wangu ni fundi wa meli, yuko baharini. Akauliza watoto. Nikasema wawili, wa kiume anaitwa Bảo na wa kike anaitwa Ngân, wako kwa bibi yao. Uongo ulinitoka laini mpaka mwenyewe nikashangaa. Kufika jioni Ngân alikuwa ameshakuwa wa kwanza darasani kwa hesabu, na Bảo anakataa kula samaki.

Bi Lựu aliwapenda watoto hao kuliko mimi niliyewazaa kwa mdomo. Kila nikishuka ananiuliza nimewapigia simu au la.

Kufika mkesha wa mwaka mpya, wageni tuliobaki tulikuwa wawili. Mwingine ni Bwana Khương, mstaafu aliyerudi kutoka Kanada kumzika mama yake, na bado yuko kwenye msiba. Usianze kutabasamu, Mama, mke anaye, na picha yake nimeonyeshwa. Tulikuwa tunafunga keki za wali kwa majani ya migomba pale chini, ndipo simu ya Bi Lựu ikalia. Akasikiliza, akaikata, akakaa chini kwenye ngazi kama aliyepigwa.

Ni mpwa wake ndiye aliyepangwa kuingia wa kwanza asubuhi ya mwaka mpya. Mnyama wa mwaka wake wa kuzaliwa anapatana na wa shangazi yake, ana mke, ana watoto, biashara yake inakwenda. Sasa yuko hospitali na homa ya mbu.

Wewe hutahitaji kuelezwa kwamba mguu wa kwanza kuingia ndio unaoleta bahati au mkosi wa mwaka mzima, lakini kwa Bi Lựu lilikuwa limezidi. Mwaka juzi gesti ilifungwa kwa ajili ya ule ugonjwa wa korona, akauza vitanda. Mwaka jana, kabla mpwa hajafika, aliyeingia wa kwanza alikuwa Tửng, dereva wa pikipiki wa pale kichochoroni, amelewa chakari, anakimbilia choo. Bi Lựu anasema mwaka mzima mabomba yalipasuka ghorofa hadi ghorofa, na wageni wakawa wanakuja kujisaidia tu halafu wanaondoka. Bwana Khương alicheka mpaka akapaliwa. Bi Lựu hakucheka. Alisema mwaka huu ukienda vibaya anaifunga gesti, anaenda kukaa kwa binti yake Đà Lạt kulea wajukuu kwenye baridi, na yeye baridi haiwezi.

Bwana Khương hakuthubutu hata kusogea, maana mguu wa mwenye msiba huleta mkosi. Bi Lựu akageuka akanitazama mimi. Nikaona vidole vyake vinahesabu. Yeye ni wa mwaka wa Nguruwe, mwaka unaoingia ni wa Paka, na kitambulisho changu anacho, mimi ni Mbuzi. Wanyama watatu wanaopatana kuliko wote. Halafu mume ninaye, tena ana kazi, na watoto wa kiume na wa kike! Akanishika mikono yote miwili ikiwa imejaa wali wa kunata, akasema kumbe mbingu zilinileta, na yeye siku zote hizo alikuwa akinisema moyoni kwamba ni mama gani huyu anayeacha wanawe Tết akaja kulala gesti.

Ningesema pale pale, Mama. Mdomo niliufungua. Lakini alikuwa analia kwa furaha, na mimi nikaufunga.

Alinipigia pasi blauzi yake nyekundu. Akanipangia nitoke alfajiri kwa mlango wa nyuma, niende kusali pagoda, nirudi na tawi la baraka lenye machipukizi, niingie kwa mlango wa mbele saa aliyoichagua yeye. Bwana Khương akanitania kwamba nisijikwae, riziki ya mabomba yote iko kwenye unyayo wangu.

Asubuhi ile Saigon ilikuwa kimya, barabara ambayo siku zote huwezi kuivuka unaweza kulala katikati yake. Nilisimama pagoda na ubani wangu sikuweza kuomba chochote. Nilikuwa nafikiria mabomba. Unaweza kucheka, lakini mimi mambo haya nayaamini, wewe ndiye uliyenilea. Nikiingia na uongo, nitakuwa nimemwingizia yule mama mwaka wa uongo ndani ya nyumba yake. Wageni wa uongo, pesa za uongo. Na nisipoingia, nitamwachia mlango wazi kwa Tửng.

Nilirudi na tawi langu. Bi Lựu alikuwa amesimama ndani, nywele amezibana, amevaa hariri, nyuma yake Bwana Khương na sahani ya tikitimaji. Nikafika kizingitini nikasimama. Akanipungia mkono niingie. Nikamwambia siwezi, kuna jambo. Nikasema yote kwa mkupuo mmoja, kwamba sina mume wa melini wala wa nchi kavu, sijawahi kuwa naye, Bảo hayupo na Ngân hayupo, nina miaka arobaini na minne na kwetu naitwa bidhaa iliyododa. Nikamwomba msamaha, nikasema nitakaa nje kulinda mlango mpaka apatikane mtu kamili.

Kitu cha kwanza alichosema ni kwamba bahasha nyekundu za watoto, zenye pesa za mwaka mpya, ameshaziandika majina. Aliniuliza kama kweli hata Ngân hayupo. Nikasema hata Ngân. Akasikitika, Mama, kama mtu aliyefiwa, na mimi nikaanza kulia pale nje na blauzi yake.

Ndipo akaanza kuniuliza kama daktari. Nalala usiku? Nikasema nalala. Nakula? Bwana Khương akajibu kwa niaba yangu kwamba nakula, yeye ni shahidi. Nagombana na mtu? Hapana. Ningependa kuwa mtu mwingine? Hilo nililifikiria, kwa sababu sikutaka tena kudanganya mlangoni kwake. Nikasema hapana, Bi Lựu, mimi nafurahi, ninachochoka nacho ni kuulizwa. Akashika kiuno. Akasema mume wake, ambaye kila mwaka yeye alimtoa nje ili aingie wa kwanza, alikuwa mtu kamili wa kila kitu, mke anaye, watoto anao, na aliingia kila mwaka amenuna, mpaka siku aliyotoka na muuza maziwa ya soya asirudi. Sasa amepata mtu mmoja mwenye furaha kwenye mji mzima, halafu amwache nje kwa ajili ya kukosa mume?

Wakati huo huo tukasikia kandambili. Ni Tửng, anakuja mbio kutoka mwisho wa kichochoro, mkono kwenye mkanda wa suruali. Bi Lựu akapiga ukelele, we mwanamke, mguu wa kulia, ingia! Akanivuta kwa blauzi yake mwenyewe nikaingia kama gunia, tawi mkononi, na Bwana Khương akapiga makofi. Tửng akaingia wa pili. Alipokuwa anatoka chooni akatutakia heri ya mwaka mpya, akapewa tikitimaji.

Nilikaa siku zangu zilizobaki bila kudanganya mtu. Sijui mwaka wa Bi Lựu utakuwaje. Alasiri ile familia moja ilikuja ikachukua vyumba vitatu, na yeye akanikonyeza, lakini hiyo ni siku moja tu. Ameniambia mwakani chumba changu cha juu ni changu, na mlango ni wangu.

Sasa, Mama, nifike nilipokuwa naogopa kufika. Nimekuambia nilikimbia maswali. Maswali hayo nimeyavumilia miaka ishirini, ningeweza kuyavumilia tena. Sikuja kwa sababu ya asubuhi ya mwaka jana.

Nilitoka pagoda na mabinti wa shangazi, tawi mkononi, nimelichagua kwa ajili yako. Nikakuta mlango umefungwa. Ukaniambia kupitia dirishani nisubiri kidogo mwanangu, Bwana Sáu Hên wa jirani anakuja, aingie yeye kwanza. Ukanipitishia blanketi na dawa ya mbu kwenye nondo za dirisha. Nilikaa barazani kwetu mpaka jua likatoka, na Bwana Sáu Hên akaja na uchovu wa pombe, akanipita, akapiga hatua ndani, ukamshangilia. Halafu nikaingia mimi. Hukunifanyia kwa ubaya, hilo najua. Ulinipa hata blanketi lako zuri. Lakini iliniuma, na sijakuambia, na badala ya kukuambia nikaenda kulala gesti.

Sitaolewa, Mama. Nakuambia wazi ili upumzike kungoja. Sina kilio chochote. Nina kazi yangu ya mashine, nina marafiki, nina nyumba ya mama yangu kama bado ninayo. Mwakani nataka kuja nyumbani, na nataka uniruhusu niingie wa kwanza, mimi nilivyo.

Bi Lựu aliniuliza mwaka wako wa kuzaliwa wakati ananiaga. Nikamwambia wewe ni wa Paka. Akahesabu kwenye vidole, akarudia kuhesabu, akaniuliza kama mama yangu hajui kuhesabu. Paka na Mbuzi, Mama, hakuna wanaopatana kuwazidi. Miaka yote hiyo unamtafutia mtu mlango wako, na mtu mwenyewe alikuwa jikoni kwako anaosha vyombo.

Nisalimie Kaka Tấn, shemeji na watoto. Shangazi Mận msalimie pia, na mwambie meno ya yule mgane ayaombee yaendelee kudumu. Goti lipake mafuta kila jioni, usingoje mpaka liume. Jibu ukiwa tayari, na ukishindwa kuandika, nitaelewa mwakani kwa mlango, ukiwa wazi au umefungwa.

Mimi mwanao, ninayekupenda,
Thắm