Malai Asimama Mkutanoni

Kivilahti,
Januari 16, 2018.

Mpendwa binamu Raili,

Pokea salamu kutoka kwetu, penye theluji ya kufika kiunoni. Goti lako lililopasuliwa linaendeleaje? Na huko Kanada umepata mkate mweusi wa kueleweka? Sisi tu wazima, ila mwanangu Jouko yuko msituni kwenye kazi ya kukata miti.

Barua hii ni ya kujisifu, nivumilie. Namsifu mkwe wangu Malai, yule binti wa Thailand aliyeolewa na Jouko. Tangu vuli namfundisha Kifini jikoni, kwa kutaja lile tunalofanya. Lugha yetu unaijua, maneno huvaa mikia: kotona ukiwa nyumbani, kotiin ukirudi, kotoa ukitoka. Wala hatusemi “nina kahawa”, tunasema “kwangu kuna kahawa”. Hayo aliyashika upesi. Tatizo ni majirani: akifungua mdomo tu, wanamhamishia Kiingereza kwa huruma yao, na somo linafia hapo.

Jumamosi tulikuwa na mkutano wa barabara ya kijiji. Kulikuwa na pendekezo kwamba trekta la kusukuma theluji lisifike tena mwisho wa barabara, kwa kuwa kumebaki nyumba moja tu. Nyumba hiyo ni ya Malai na Jouko! Bila trekta mtoto wao Aava hafiki kwenye basi la shule, nao wangelazimika kuhamia mjini. Nilitaka kumsemea Malai, akanikatalia.

“Mama, nyumba ni yangu. Nitasema mimi.”

Aliposimama, mwenyekiti Taisto akaanza Kiingereza chake.

“Kifini, tafadhali,” Malai akamkata. Kisha polepole: “Kwangu kuna mtoto. Mtoto anakwenda shuleni. Theluji iko barabarani. Trekta lisipokuja, hatutoki nyumbani. Sitaki kuhama. Kwetu ni hapa.”

Raili, kila mkia ulikaa mahali pake! Lakini hakuna aliyejibu. Wote wakakazia macho meza. Maskini, akadhani wamemkataa. Akaokota glavu zake, akaelekea mlangoni machozi yakimlengalenga. Atajuaje kwamba kwetu kimya ndiko kukubali? Nikamdaka mkono. “Kaa, wamekubali!”

Taisto akagonga meza. “Hakuna anayepinga. Trekta litafika mpaka uani.”

Mzee Urho, yule mnunaji, akageuka. “Binti, leo umesema mengi kuliko mimi maisha yangu yote. Usizoee.” Ukumbi mzima ukacheka.

Jana dereva wa trekta alifika uani kwao, akashusha kioo, akalalamikia baridi kwa Kifini cha kijijini, mbiombio, bila kumpunguzia hata neno. Malai alikuja kwangu anang'aa.

“Mama, nusu sikuelewa. Lakini amelalamika kwangu kama kwa mtu wa hapa!”

Nisalimie shemeji Arvo na binti yako Minttu. Mungu alinde goti lako na nyumba yako yote.

Nami nabaki nikikupenda,
Irja