Prosesa Inawaka Moto na Chumba ni Barafu

Bi Encarna mpendwa, naomba msaada wako, ila kwanza naomba usinicheke, maana mimi ni mtu mzima wa miaka thelathini na nane, nadarizi mavazi ya wacheza ngoma wa sikukuu ya Gran Poder hapa El Alto, juu kabisa milimani, na kinachoninyima raha ni mchezo wa kompyuta. Kompyuta yenyewe nilipewa na mama yangu wa ubatizo, Bi Saturnina, ni ya bei nafuu lakini ndiyo ninayochorea nakshi zangu zote, na Jumapili asubuhi huitumia kucheza mchezo wa vita vya vifaru na mdogo wangu Wálter, aliyehamia Iquique kule pwani, yeye na wenzake watatu wa bandarini. Ukweli ni kwamba mimi na Wálter hatuongei popote pengine. Tuligombania nyumba ya marehemu baba, nikabadilisha kufuli akiwa kazini, akaondoka bila kuaga, na huu ni mwaka wa nne, hakuna kati yetu aliyewahi kuligusa jambo hilo, lakini Jumapili ananiambia, "Kata kushoto, dada, niko nyuma yako," na hayo yananitosha wiki nzima.

Sasa shida ni kwamba vita vikipamba moto picha yangu inaganda, na ikirudi kifaru changu kimeshalipuliwa na cha Wálter pia kwa kunisubiri, na wenzake wameanza kusema nitafutiwe mbadala. Wálter akanionyesha namna ya kuiongezea prosesa kasi kupita ile iliyotoka nayo kiwandani, unaingia kwenye mipangilio mashine inapowaka, unapandisha namba kidogo kidogo huku ukiangalia joto, na Jumapili tatu amekaa ananielekeza hatua kwa hatua. Bi Encarna, sikujua kama jambo hili lina utamu namna hii! Nimenunua daftari, naandika kila hatua na nyuzi zake za joto, nadarizi bawa la joka huku nawaza kwa nini hatua ya tatu ilitulia na ya nne ikachachamaa, najiuliza hicho kipande kisichozidi biskuti kina nini ndani hata kikubali kukimbizwa, halafu ghafla kikatae. Maana kinakataa, joto linafika nyuzi tisini na tano na mashine inajizima yenyewe. Nikasema baridi ya kwetu ni ya bure, kwa nini niteseke, nikaisogeza dirishani, nikafungua dirisha, maji ya ndoo yana ganda la barafu, mimi nimejifunika poncho ya sufu na kofia hadi machoni, na bado prosesa ikachemka vilevile.

Bi Saturnina akanikuta katika hali hiyo. Akasimama mlangoni, akaniangalia mimi, akaliangalia dirisha, akasema, "Kitu hiki tulikibariki kwa kukinyunyizia bia Jumanne ya Kanivali, tukakimwagia karatasi za rangi zilizokatwakatwa, Pachamama akakipokea kilivyo. Wewe unakidai kisichopewa. Kimekasirika, mwanangu, kiache." Tangu hapo moyo wangu hautulii. Je, namkosea Pachamama, Mama Ardhi wetu? Inakuwaje kitu kichemke mahali ambapo maji yanaganda? Nikiiua mashine hii sina pa kuchorea, na Gran Poder iko mlangoni, na nikiacha, Wálter atapata dereva mwingine, nami nitakuwa sina ndugu tena. Nifanye nini?

Mdarizi wa Villa Ingenio

Mdarizi wangu,

Nimekucheka, nisamehe, lakini ni kwa ile poncho tu. Barua yako niliipeleka kwa Don Grover Quisbert, anayetengeneza kompyuta kwenye gulio la 16 de Julio, akaisoma hadi mwisho, kisha akauliza jambo moja: hizo karatasi za rangi mlizimwaga wapi? Anasema kila baada ya Kanivali analetewa mashine zilizobarikiwa kupita kiasi, feni imevuta karatasi ndani na bia imezigandisha hapo. Kwa hiyo Pachamama hana kinyongo na wewe. Umeziba mwenyewe njia ya hewa, halafu ukaongeza kasi.

Na hilo la dirisha, mama, umeishi El Alto miaka yote hii bila kulifikiri? Baridi tunayo, hewa hatuna. Ukipanda ngazi na gunia la viazi unahema hata kama pua imeganda. Feni nayo inasukuma hewa hiyo hiyo nyepesi, haibebi joto kama ile ya Wálter kule pwani, basi namba zake zisikudanganye, zako zitakuwa chini ya zake.

Hamisha nakshi zako zote kwingine kabla hujagusa chochote. Chomoa umeme, fungua kifuniko, toa karatasi kwa brashi laini, na usitie maji. Ile dawa ya kupitisha joto chini ya feni mwache Don Grover akupakie upya. Funga dirisha. Kisha rudi hatua ya tatu ukae hapo hapo, upunguze na mapambo ya picha ndani ya mchezo, maana kifaru hakihitaji majani mazuri. Daftari usilitupe, una akili ya kuuliza na wengi wetu tumeipoteza. Bi Saturnina usibishane naye, kuhusu ile hatua ya nne yuko sahihi, ila mwakani mwambie karatasi zimwagwe mezani.

Sasa nikugombeze. Umeniandikia barua nzima juu ya nyuzi joto, na kufuli ukalipitia mbio. Mtu anayetaka dereva hodari hutafuta dereva hodari, bandari imejaa vijana. Hapotezi Jumapili tatu kumfundisha dada yake wa miaka thelathini na nane kupandisha namba. Wálter hakusubiri kifaru, alikuwa anakusubiri wewe, na wewe unajificha ndani ya mashine kwa sababu humo hakuna anayeuliza.

Wewe ndiye mkubwa, na kufuli ulibadilisha wewe. Jumapili hii, kabla mchezo haujaanza na wenzake hawajaingia, mwambie maneno hayo hayo, kwamba kufuli ulibadilisha wewe, kisha nyamaza umwache ajibu, hata akikutukana. Na kesho asubuhi nenda kachongeshe ufunguo wa pili wa nyumba ya baba yenu, utie kwenye bahasha, uutume Iquique. Hata asipoutumia kamwe, ni wake.