Sentensi Niliyomfutisha Gwantwa

Jumatatu, 3 Machi 2025

Moto! Chumba namba 14. Saa kumi na mbili jioni, mimi nikiwa ukumbini na Gwantwa tunapanga viti vya mdahalo, tukasikia kelele. Jiko dogo la umeme, sufuria ya viazi, maji yamekauka, pazia likashika. Godoro moja limekwisha, madaftari yamekwisha, dari nyeusi. Hakuna aliyeumia, Mungu ni mwema. Mzee Andongwisye, mlinzi, aliwahi kukata umeme. Tukazima kwa ndoo za maji ya kufulia.

Mwaka wa sita huu mimi ni matroni wa hosteli ya wasichana hapa Ihanda. Kila muhula natangaza: ni marufuku kupika chumbani. "Sawa, mama!" wanaitikia, na harufu ya maharage inanisindikiza koridoni.

Nimeuliza jiko la nani. Wote wanne wa chumba hicho wanatazama sakafu. Mdahalo haukufanyika.

Jumanne, 4 Machi

Gwantwa amekuja mwenyewe asubuhi. Mwaka wa pili, ualimu, mtoto wa Mbebe kule Ileje, wa kwanza kwao kufika chuo. Ndiye mkono wangu wa kulia kwenye midahalo na mabonanza. Amesema jiko ni lake, alilinunua Tunduma. Ila aliyebandika viazi jana na kuviacha ni Jenista, mwenzake wa chumbani.

Nikampa karatasi aandike maelezo. Akaandika nusu ukurasa. Nikasoma, nikakuta: "Moto ulipotokea sikuwepo chumbani." Nikamwambia hiyo ondoa. Na Jenista usimtaje, atakuja kwa miguu yake.

Ndivyo nilivyolelewa. Baba alikuwa mzee wa kanisa, Igamba. Aliyekosa alisimama mbele ya ushirika, akataja la kwake tu, hakumtaja jirani, hakujitetea. Akakaa benchi la nyuma miezi mitatu. Kisha akarudishwa kundini, watu wakampa mikono, yakaisha. "Kujitetea si kutubu," baba alisema. Nami nawaambia wasichana hivyohivyo, miaka yote sita. Anakiri, nampa onyo, anadeki korido wiki mbili, karatasi inalala kwenye droo yangu. Haijawahi kuniangusha.

Gwantwa ameandika upya kwenye karatasi safi. Ile ya kwanza nimeichana. Nilimsimulia na habari ya benchi la nyuma, akacheka. Ameondoka mwepesi.

Alhamisi, 6 Machi

Waraka umebandikwa leo. Kesi zote za moto zinakwenda kamati ya nidhamu, hata za zamani ambazo hazijafungwa. Adhabu ni kufukuzwa chuo. Nimeusoma mara tatu nimesimama.

Saa nane karani akaja kuchukua maelezo ya chumba 14. Nikampa! Mkono huu huu ulifungua droo ukampa. Ningesema nini? Kwamba yamepotea? Nilisema "karibu tena". Karibu tena!

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda kwa Mshauri wa Wanafunzi, Dokta Ambwene. Kabla sijafungua mdomo kanisifu. Eti nimeleta kesi safi, mwanafunzi amekiri, hana utetezi, kamati haitapoteza muda. Nimesifiwa! Nikatamani sakafu ipasuke.

Nikamwambia ukweli wote. Kwamba alikuwa na mimi ukumbini. Kwamba sentensi hiyo aliiandika, nikamfutisha. Akavua miwani. Si mtu mbaya. Akasema, "Atuganile, hapa si kanisani. Ukilisema hilo mbele ya kamati, ni wewe uliyetunga maelezo ya mwanafunzi. Utaondoka wewe. Na yeye jiko ni lake bado." Kisha kwa upole: mkataba wangu unaisha Juni, nifikirie watoto.

Nina watoto watatu na mama mgonjwa. Nimefikiria. Nimerudi hosteli nimefikiria mpaka kichwa kimeuma, na bado sijui kama kufikiria huko ni akili au ni woga tu.

Jumapili, 9 Machi

Jenista yuko kwaya, mstari wa mbele, sauti ya kwanza. Nilimsubiri nje baada ya ibada.

"Shikamoo mama," kapiga goti. Nikamuuliza, wewe hujasema kitu? Akaanza kulia kabla sijamaliza. Yeye yuko mwaka wa tatu, mtihani wa mwisho ni Juni, kwao wameuza ng'ombe. "Mama, mwenzangu ameshakiri. Tukifukuzwa wawili itamsaidia nini?"

Mimi niliyesema atakuja kwa miguu yake! Miguu yenyewe imeshahama, amepanga chumba mjini tangu Ijumaa. Wala sikumlaumu. Ningemlaumu kwa mdomo gani? Hesabu anayopiga yeye ndiyo ninayopiga mimi.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua kutwa. Nimeandika barua kwa kamati. Nimeichana. Nimekuwa hodari wa kuchana karatasi.

Jumatano, 12 Machi

Leo nimemwita Gwantwa, nikafunga mlango. Nikamwambia: Ijumaa mbele ya kamati, ukiulizwa, sema ulikuwa ukumbini na mimi. Sema wewe mwenyewe. Ndiyo, nilijua ninachofanya: nilitaka aseme yeye ili mimi niitikie tu. Ni aibu kuandika hili lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kanishangaa. "Mama, si ulisema kujitetea si kutubu? Nikibadilisha maneno sasa wataniona mwongo. Na nikisema sikuwepo, watauliza nani alikuwepo." Yeye ana amani, amesema. Atakaa benchi la nyuma hata mwaka mzima.

Nikamwambia hapa hakuna benchi la nyuma. Kuna geti. Akatabasamu kama mtu anayemtuliza mgonjwa. "Mama, wewe si utakuwepo?"

Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu amezaliwa na ameshaota meno.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika chooni, choo cha wafanyakazi, jengo la utawala. Wajumbe wako kwenye chai.

Mama yake Gwantwa amefika asubuhi kutoka Mbebe. Kaniletea kikapu cha maparachichi. Kanishika mikono yote miwili, kainama mpaka kilemba kikagusa vidole vyangu. "Ndaga, ndaga mama, asante. Mtoto amenisimulia kwenye simu. Umemfundisha kusema kweli. Sisi tunaishi mbali, hatuna mtu huku, tuna wewe." Hajui kama adhabu ni kufukuzwa. Gwantwa hajamwambia. Anadhani amekuja kusikia mtoto akisamehewa, kavaa nguo za kanisani.

Ndani karani alisoma maelezo kwa sauti. Karatasi safi kweli, hakuna hata doa. Mwenyekiti akamuuliza Gwantwa kama ana la kuongeza. Akanitazama. Hakuwa anaomba msaada! Alikuwa ananitazama kama mtoto aliyemaliza kukariri, anataka kujua kama amepatia.

"Hapana, mheshimiwa. Yote nimeandika."

Mwenyekiti akanigeukia. Maelezo haya ni ya mwanafunzi mwenyewe?

Nikasema ndiyo, ni mwandiko wake.

Mwandiko wake! Sikudanganya hata herufi moja, na sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko huo. Dokta Ambwene akatazama dirishani. Wakaenda chai.

Nimenawa uso mara mbili. Wakirudi, mwenyekiti atauliza mara ya mwisho kama kuna mwenye la kusema, kisha uamuzi. Maneno ninayo. "Alikuwa na mimi." Nimeyasema hapa kwa sauti, ukuta umesikia. Ni mepesi hivyo. Halafu naona Juni, ada, dawa za mama, na nayameza tena.

Karani amegonga. Wajumbe wamekaa tayari, ananiharakisha, tuanze. Nimesema nakuja. Sijasimama.

Namsikia Gwantwa huko koridoni anamwambia, kwa adabu zake zote: "Tumsubiri kidogo. Bila mama mimi siingii."