Gia Iliyolazwa Kwenye Majivu

Sumbawanga

Mama yangu, shikamoo.

Kwa unyenyekevu mkubwa nakutangazia wewe na ukoo wote wa Muheza kwamba mwanao sasa anavaa soksi mbili kila mguu. Uamuzi huu mzito umepitishwa na baridi ya huku. Zaidi ya hapo ni mzima. Goti lako je? Dawa ya kuchua unapaka mwenyewe, au umempa jirani tena?

Kuhusu kuja Idd, bosi wa gereji aliniambia, "Lori la Mzee Deo likipanda mlima na mahindi, nakupa ruhusa." Mzee Deo ni mkulima wa Msanzi. Gia namba mbili ya lori lake ililika meno, likabaki moja tu kama kwenye fizi za bibi. Mpya mjini hakuna, na ya kuagiza ingekuta mahindi yameshaliwa na wadudu. Nikasema nitayajaza meno kwa kuchomelea, kisha niyachonge upya.

Nikachomelea, nikaiweka sakafuni ipoe kama tulivyozoea huko kwetu kwenye joto. Upepo wa hapa ukapita. Tukasikia "ta!" Meno mawili yamepasuka.

Mama Oda, anayepika pombe ya ulezi nyuma ya gereji, alikuwa anatazama.

"We fundi wa pwani! Mtoto akitoka kuoga unamweka mlangoni? Wazee wetu wamefua majembe hapa hapa. Lete!"

Nikarudia kuchomelea. Ikiwa bado nyekundu, tukaifukia kwenye majivu ya jiko lake. Kila nikitaka kuchungulia, ananipiga mwiko mkononi. "Iache ilale!"

Kesho yake ikatoka nzima. Nimeichonga kwa tupa siku mbili, nikipimia jino moja lililosalia.

Mama, lori limepanda! Mzee Deo alishuka akanikumbatia mbele za watu, na grisi yangu yote. Bosi anawaambia watu majivu yalikuwa wazo lake. Mama Oda alipomsikia alicheka mpaka akakaa chini. Tangu juzi wamekuja wenye malori wanne, kila mmoja na gia yake kwenye kiroba.

Nisalimie shangazi mpika maandazi, kaka Hamisi wa bodaboda, na Zuhura mdogo wangu. Kitenge chake nakituma kwa basi.

Mwanao anayekuwaza kila akila ugali wa ulezi,
Rajabu

N.B. Bosi ameviona viroba vinne, amefuta ruhusa. Idd siji.