Ukurasa Uleule wa Tarumbeta

Ghorofa ya Pili, Nyuma ya Karakana,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo, pamoja na ile niliyokunyima mwaka jana. Kifua kimepoa? Mimi mzima, nimezidi kuwa mtanashati, na kwenye bendi napuliza tromboni mpaka wazee wa saksafoni wananiamkia. Shule ilinishinda, midomo haikunishinda.

Mama hajambo. Amepunguza maneno, nawe unamjua dada yako, kwa hiyo elewa kuna jambo.

Jambo lenyewe ni Baba.

Umeandika kwa hasira kwamba shemeji yako anakudharau. Ile jazi ya bendi kubwa mnayoitunga watu watatu wa nchi tatu, wewe, yeye na yule mama wa kinanda, imekwama kwenye kipande chake cha mwisho, naye kila mara anakutumia ukurasa uleule wa tarumbeta. Ulianza kucheka ukidhani ni utani wenu wa mashemeji. Sasa unasema mtaliondoa jina lake.

Mjomba, si utani. Kila asubuhi anakaa kwenye meza ya jikoni, anachonga penseli, anaandika ukurasa ule akiamini ni mpya. Ananipa niutume, uso umemchanua. Mimi, pamoja na domo lote hili, nikawa naupokea na kuutuma. Daktari anasema kumbukumbu inamtoka na haitarudi. Mama alikataza usiambiwe, akitumaini atapona. Juzi Baba alimwita Mama "dada", akamuuliza mwenye nyumba yuko wapi. Mama akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jana nilimwekea Baba ile rekodi uliyotuma, bendi yako ikipiga mwanzo wa kazi yenu. Tarumbeta zikaita alivyoandika yeye, saksafoni zikajibu ulivyoandika wewe. Akafumba macho, mguu ukigonga sakafu, akaniuliza nani katunga. Nikamwambia ni yeye na shemeji yake. Akanicheka, akasema niache kumtania mtu mzima. Kisha akasema:

"Huyu mtunzi ana bahati. Kila akiita, yupo wa kumjibu."

Nikajifanya nasafisha tromboni. Usimwambie mtu.

Sasa nisikilize, ingawa nota nazisoma kwa kunusa. Ukurasa wake wa leo umo kwenye bahasha hii. Ni uleule. Usiukatae. Uweke mwishoni ulivyo, tarumbeta ziurudie, na kila ukirudi, wewe na mama wa kinanda mumjibu kitu kipya. Jina lake libaki.

Nisalimie mkaza mjomba na wale mapacha, waambie kwa sura bado nawashinda. Mama anakusalimu sana. Baba ameniona naandika, akasema nimsalimie huyo bwana, hata kama hamjui.

Mungu akulindie masikio, Mjomba. Mjibu.

Wako akupendaye, ingawa huwa sikwambii,
Mpwa wako, Domo.