Tulifukia Mfereji, Kaburi la Jirani Likazama

Shangazi Sikudhani, shikamoo. Naomba msaada wako, maana jambo hili nimelibeba tangu masika na kwa mchungaji nashindwa kulisema, anatufahamu wote.

Tunaishi Old Moshi kwenye kihamba, shamba la ukoo wa wakwe zangu, na Novemba iliyopita, tukijua ndugu wote wanapanda kutoka Dar na Arusha kwa Krismasi, mume wangu Ebenezeri akasema magari hayatakuwa na pa kukaa, basi tukaufukia mfereji wa zamani uliokauka unaopita mbele ya nyumba, tukajaza kifusi na kumwaga zege juu, na kweli magari saba yalijipanga pale na mimi, Mungu anisamehe, nilijiona mtu. Aprili mvua ikashuka siku tatu mfululizo, maji yakakosa njia, yakapita juu ya zege letu pamoja na yale yaliyotoka kwenye bati letu, yakaingia mgombani kwa jirani yetu Bibi Elinipendo, yakachimba chini ya kaburi la mumewe mpaka likazama upande mmoja na msalaba ukalala.

Huyu bibi ndiye alinikanda nilipojifungua, Shangazi. Tulikwenda na koleo kumsaidia, naye akatushukuru na kutuletea mkungu wa ndizi, nikashindwa hata kumenya moja. Kibaya zaidi, anaamini mvua ile ililetwa na marehemu aliyemkasirikia kwa kuuza ng'ombe wake, na kila jioni namsikia pale kaburini akimwomba radhi kwa Kichagga.

Sasa mtendaji wa kijiji ametangaza mkutanoni kwamba ni marufuku kuziba mfereji, hata uliokauka, na kila kaya izuie maji ya paa na uwanja wake yasimwagikie kwa jirani, na kamati ya mfereji itapita nyumba kwa nyumba. Ebenezeri ananiambia, "Mama Aikaeli, funga mdomo. Bibi mwenyewe anasema ni mvua." Nifanyeje?

Mama Aikaeli, Old Moshi

*

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Majina nimeyabadilisha, kwa hiyo pumua kwanza.

Mtu asiye na utu angekula zile ndizi akalala. Wewe zimekushinda, na hapo ndipo ninapokuonea huruma. Hamkukusudia kumdhuru mtu. Mlitaka wageni wapate pa kuegesha, na nani Uchaggani hataki uwanja wake upendeze Desemba?

Ila nikugombeze kidogo. Mfereji uliokauka bado ni njia ya mvua, wazee hawakuuchimba kwa kukosa kazi! Mliuziba bila kumuuliza mtu wa chini yenu. Na huyo mumeo anayesema bibi mwenyewe kataja mvua, mwambie Shangazi amesema aache hizo. Mvua ilinyesha kwa kila mtu, mbona kaburi lililozama ni moja?

Kamati isikutishe. Kinachonitisha mimi ni yule mama mzee. Amefiwa, na sasa mmemwacha aamini kwamba hata aliyemzika amemgeuka. Kila jioni mnayokaa kimya, mnamwongezea kilio ambacho si chake. Hilo ni zito kuliko faini yoyote, na mnaweza kulimaliza wiki hii.

Jumamosi asubuhi vunjeni zege. Zibueni mfereji mpaka mwisho wa mpaka wenu, kisha mwiteni mwenyekiti wa kamati aje auone, msingoje awafumanie. Maji ya bati yawekeeni mabomba yaende kwenye tangi, na ya uwanja yachimbieni shimo la mawe yanywee humo humo kwenu. Ndugu wakija Desemba waegeshe kanisani wapande kwa miguu, hawatakufa. Na kaburi mlijenge upya kwa gharama yenu, bibi akichagua mwenyewe lijengwe vipi.

Kisha nendeni kwake wote wawili. Mimi ni mtu wa mjini, mambo ya isale mnayajua ninyi, lakini nimekaa na Wachagga vya kutosha kujua kwamba jani hilo likiletwa kuomba msamaha, mtu hulipokea kwa uzito. Lipelekeni, ila baada ya zege kuvunjwa. Ebenezeri alishike yeye. Akigoma, nenda peke yako, usimsubiri.

Bibi anaweza kufoka au kuwafukuza. Vumilieni. Msianze na habari za mtendaji wala za magari. Semeni kwa Kichagga, lugha anayolilia pale kaburini: "Bibi, mzee hajakukasirikia. Ni sisi."